Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi na Madiwani Wetu: Turudishieni Sauti za Wazee wa Mkonge

Kwa:
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Waheshimiwa Madiwani,
Mkoa wa Tanga.

YAH: KUZUIWA KWA REKODI ZA WAZEE, KUFUNGWA KWA UKUMBI WA KAMBI NA KUKWAMISHWA KWA KAZI YA SANAA YA WAZEE NA VIJANA

Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani,

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii ilistahili kubaki ndani ya faili la ofisi yenu, na huko ndiko tulikoanzia. Zilizoitangulia ziligongwa muhuri masjala na nakala zake tunazo. Tulimwona mtendaji wa kata, tukamwona afisa utamaduni, tukaomba kuonana na Mkurugenzi mwenyewe. Tukapewa tarehe, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha kimya. Wazee wetu hawana umri wa kungojea kimya kiishe, kwa hiyo leo tunasema mbele ya kila mtu.

Sisi ni wakazi wa kambi za zamani za shamba la mkonge. Katika kikundi chetu wamo wazee waliofanya kazi shambani na kiwandani, na wamo vijana ambao wengi wao ni wajukuu wa kambi hizohizo. Wazee wanasimulia, vijana wanarekodi kwa simu na kuandika madaftarini, kisha pande zote mbili zinakaa pamoja kutengeneza igizo, ngonjera au ngoma ya kuonyesha kijijini na shuleni. Mzee haitwi kuhojiwa akaachwa aende zake. Anakuja mazoezini, anasahihisha, anakataa pale panapokosewa, na mwenye nguvu anaingia jukwaani mwenyewe.

Kwa wasomaji wasio wa Tanga, mtuvumilie kidogo. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka hiyo yakazaliwa mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, hata nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 ikazalisha zaidi ya tani 230,000. Habari hizo zinajulikana, na viongozi huzitaja kila wanapohutubia juu ya kulifufua zao hili. Wanaotajwa kwa nadra ni waliokata. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na watu wakaletwa kwa treni na malori kutoka Kigoma, Njombe, Urundi (Burundi ya leo), Nyasaland (Malawi ya leo) na Msumbiji. Manamba hao walipangwa kwenye kambi, wakapewa posho na kipande, yaani kadi ya kuandikia siku za kazi, wakaanza kazi. Baadaye bei ikaporomoka kwa sababu ya nyuzi za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulishuka hadi kwenye tani 20,000 hivi. Korona nyingi, yaani mitambo ya kusaga majani ya mkonge, zilinyamaza, lakini watu walibaki. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa 1964 leo amepita 80.

Tuwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo. Mwaka jana tulikuwa tunaandaa igizo la siku ya mshahara. Msichana wa kidato cha tatu alicheza sehemu ya mkataji: akafunga majani harakaharaka, akayatupa chini kama takataka. Babu mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akamwita, akakichukua kile kifungu, akayapitisha majani kwa kidole gumba huku anaangalia pembeni. "Ishirini na sita, mjukuu wangu. Karani hapokei hiki. Unarudi shambani na jua limeshashuka, na leo hukuandikiwa siku." Kifungu kilikuwa majani 30. Kisha akamwonyesha namna ya kuukata mwiba wa ncha kabla ya kufunga, kwa sababu mwenzako atakayebeba atachomwa jichoni. Bibi mmoja aliyekuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, naye akanyoosha viganja vyake ili vijana wavishike, waone ngozi ilivyokuwa.

Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa. Kijana anaweza kuisoma sentensi hiyo kitabuni akaipita. Yule msichana hakuipita. Wiki iliyofuata alikuja ameandika upya onyesho lake lote, akamweka mtu mwenye homa anayetumia miezi miwili kumaliza kipande kimoja, na mkewe anayehesabu alama kwenye kadi kila jioni. Wazee walipoliona walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Sasa mmefika." Kazi hii ndiyo iliyokwama mikononi mwenu, na malalamiko yetu ni haya.

1. Rekodi zetu

Ofisi yenu ilizichukua rekodi zetu kwa maelezo kwamba zinakwenda kufanyiwa uhakiki. Ilichukuliwa diski ya kuhifadhia sauti pamoja na madaftari ya vijana. Tulikabidhi kwa maandishi na hati ya makabidhiano tunayo. Uhakiki wa nini hasa, hatukuelezwa. Umeisha lini, hatukuelezwa. Tulichokuja kuona ni sauti ya bibi yetu mmoja ndani ya video ya halmashauri, imekatwa, imewekewa muziki wa shangwe, inasikika chini ya picha za viongozi wakikagua miradi.

Tunaomba mtuelewe vizuri hapa. Kabla ya kurekodi, kila mzee huulizwa: hili ni la kijiji kizima, la shuleni, la ukoo wako tu, au lisifunguliwe mpaka utakapokuwa umetangulia? Vijana huandika jibu daftarini, mbele ya jina lake. Yale maneno mliyoyatumia, bibi aliyasema akielezea mtoto wake aliyemzika kambini, na aliyatoa kwa wajukuu zake tu. Alikuja kuyasikia kwenye simu ya jirani, sokoni. Siku hiyo alirudi nyumbani bila kununua kitu, na tangu hapo hajaja mazoezini. Tulipokwenda kumtazama alituuliza swali moja: nani aliwaruhusu? Ndugu Mkurugenzi, hilo ni swali lako.

Baadhi ya wazee waliomo kwenye diski ile wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao hatuna pengine. Watoto wao wanakuja kuuliza kama wanaweza kumsikia baba yao, na sisi hatuna cha kuwapa zaidi ya nakala ya hati ya makabidhiano.

2. Vitisho vya uraia

Jambo hili ni zito zaidi, na tumelipima sana kabla ya kuliandika. Katika onyesho letu moja babu mmoja alieleza alivyopanda treni Kigoma akiwa kijana, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Urundi. Mtumishi wenu aliyekuwepo alimwambia mbele ya wajukuu zake kwamba maneno kama hayo yanaweza kumfikisha Uhamiaji. Labda alidhani anatoa ushauri. Matokeo yake ni kwamba wazee kadhaa wenye asili ya Urundi na Msumbiji walijitoa wiki hiyohiyo, na waliobaki wakaanza kusimulia kuanzia kambini tu, kana kwamba walizaliwa kwenye mistari ya mkonge.

Watu hawa walifuatwa makwao na waandikishaji. Waliletwa wakati nchi iko chini ya Mwingereza, na jasho lao ndilo lililojaza meli bandarini Tanga. Wamezaa hapa, wamezika hapa, wamelipa kodi ya kichwa hapa. Mkoa huu unajivunia ngoma zake, lakini sindimba tunayocheza kwenye sherehe zenu ilifika kambini miguuni mwa Wamakonde. Ukimfunga mdomo mzee asitaje alikotoka, humbakizii simulizi, kwa sababu safari ndiyo simulizi yenyewe: aliagana na nani, alikula nini njiani, alilia wapi, nani alimpokea. Na kijana anayemwona babu yake akinyamazishwa anajifunza somo moja tu, kwamba kwao ni aibu.

Kama kuna suala la nyaraka kwa mzee yeyote, lina ofisi zake na taratibu zake. Lisiletwe kwenye jukwaa la sanaa.

3. Ukumbi

Ukumbi wa kambi ulijengwa enzi za shamba kwa ajili ya wafanyakazi. Humo walicheza beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, humo bendi za dansi zilikuja kupiga. Tuliusafisha, tukaziba paa kwa michango yetu. Halmashauri ikaufunga kwa kufuli na kuufanya stoo ya viti vilivyovunjika na saruji iliyokwisha kuganda. Sasa tunafanyia mazoezi chini ya mwembe. Masika yakianza hatuna pa kwenda, na mzee wa miaka 80 hawezi kukaa kwenye matope.

4. Wazee kualikwa kama mapambo

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, gari la matangazo hupita kambini. Wazee huamka alfajiri, huvaa fulana walizopewa, hupangwa kwenye viti juani kumsubiri mgeni rasmi. Wanapigwa picha, wanapewa soda, wanarudi. Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kupewa kipaza sauti zaidi ya kusoma risala aliyoandikiwa na ofisi. Nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Serikali iliyoandika sera nzima kwa ajili ya watu hawa haikukusudia wakae kimya juani.

Tuseme pia kwamba wapo watumishi wenu wanaowapenda wazee hawa kwa dhati. Yupo mmoja wa maendeleo ya jamii aliyewahi kuja mazoezini kwa nauli yake mwenyewe. Hatutamtaja, asije akaulizwa.

5. Mikopo

Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, sheria imetenga 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tulipoomba kama kikundi cha vijana tuliambiwa tuwaondoe wazee kwanza. Tulipouliza je, tukiwaondoa, tukaambiwa tubadilishe kazi yetu iwe ufugaji wa kuku. Hatuna ugomvi na kuku. Sheria ya mikopo ni ya Bunge na hatuwalaumu ninyi kwa mgawo wake. Tunawalaumu kwa kutokutafuta njia nyingine hata moja, mkijua kwamba utamaduni una idara yake na afisa wake ndani ya jengo lenu.

6. Shule

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala mpya. Walimu wanatafuta mifano, na mifano inaishi mita chache kutoka getini. Walimu wakuu wawili walikuwa tayari kutupokea, wakasema wanasubiri barua ya halmashauri wasije wakaonekana wamevunja utaratibu. Barua hiyo ya ukurasa mmoja haijaandikwa mpaka leo.

Sasa tunajua mtakayotujibu, kwa sababu mengine tumeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema hakuna bajeti. Kurudisha diski hakuhitaji bajeti. Kufungua kufuli hakuhitaji bajeti. Barua kwa walimu wakuu ni karatasi na muhuri.

Mtasema vijana wanafuata posho. Hakuna posho. Kama ingekuwepo, wangeshaigawana na wazee, maana ndivyo wanavyogawana muhogo mazoezini.

Mtasema, na hili tuliambiwa na mtu msomi tunayemheshimu, kwamba kumbukumbu za wazee si historia: mzee anasahau, anachanganya miaka, anaongeza chumvi, kwa hiyo ni lazima serikali ihakiki kwanza. Hoja hii tunaipa uzito. Ni kweli mzee anaweza kusema 1958 kumbe ni 1960. Lakini tazameni nchi yetu yenyewe ilifanya nini. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kwa wazee walioikumbuka Vita vya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kumbukumbu zilizokuwepo mpaka wakati huo zilikuwa kwa sehemu kubwa za Wajerumani, na ndani yake wazee wetu walikuwa waasi na washirikina. Vijana wale walikwenda na madaftari, wakakaa barazani, wakasikiliza. Simulizi walizorudi nazo zimekuwa msingi wa tunavyoielewa vita hiyo. Wakati huo vita ilikuwa imepita kwa miaka zaidi ya 60. Kutoka kilele cha mkonge cha mwaka 1964 hadi leo ni muda uleule. Hatuko nje ya wakati, tuko kwenye ukingo wake, na wanafunzi wale wangechelewa miaka 15 zaidi wangekuta makaburi.

Tena mazoezi yetu yanahakiki kwa namna ambayo ofisi haiwezi. Mzee mmoja akisimulia mbele ya wenzake 10 waliokuwa kambi ileile, chumvi haipiti. Tumeona wazee wakibishana saa nzima kuhusu mgomo mmoja: nani alianza, mnyapara alisimama wapi, polisi walitokea upande gani. Vijana waliandika majibu yote mawili, na igizo likaonyesha yote mawili. Huo ni uhakiki wa wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kukaa mkekani kuushuhudia.

Na kama mtasema sanaa si njia ya kufanyia mambo mazito, hilo nalo lilikwisha kujibiwa hapahapa nchini. Wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa na wanakijiji wakatumia ngoma na michezo ya kuigiza kujadili matatizo yao wenyewe. Uingereza nao, mwaka 1983, Pam Schweitzer alianzisha Age Exchange jijini London, wasanii wakachukua kumbukumbu za wazee wa mitaani na kuzipeleka jukwaani. Mambo haya yana miaka zaidi ya 40. Sisi tunaomba tu tusizuiwe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi na waheshimiwa madiwani, tunaomba mambo yafuatayo, na tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30:

(a) Diski na madaftari yarudishwe yakiwa kamili, mbele ya wazee wenyewe, na nakala zozote zilizobaki ofisini zitajwe kwa maandishi.

(b) Video yenye sauti ya bibi yetu iondolewe kila mahali ilikowekwa, na kiongozi aende nyumbani kwake kumwomba radhi. Aende yeye, asimwite bibi ofisini.

(c) Itolewe barua yenye saini ya Mkurugenzi kwamba hakuna mzee atakayesumbuliwa na mtumishi wa halmashauri kwa kusimulia alikotoka. Barua hiyo tutaisoma kwa sauti kambi kwa kambi.

(d) Ukumbi ufunguliwe. Tunauhitaji jioni mbili kwa wiki, na usafi tutafanya wenyewe.

(e) Walimu wakuu waandikiwe.

(f) Tarehe 1 Oktoba ijayo kuwe na turubai na usafiri wa kuwarudisha wazee makwao, na dakika 40 za onyesho lao wenyewe, lisilopitiwa kwanza na ofisi.

Kuhusu mikopo tuko tayari kukaa meza moja na idara husika, na hapo hatuna sharti.

Siku 30 zikipita bila jibu, tutaomba kibali cha kuonyesha igizo la siku ya mshahara kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi zenu. Mnaalikwa tangu sasa. Viti vya mbele ni vya wazee, lakini tutawaachieni nafasi, na yule msichana ameomba awaeleze mwenyewe, baada ya onyesho, jinsi kipande kilivyokuwa kinahesabiwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wazee na vijana wa kambi.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Afisa Utamaduni wa Mkoa
Baraza la Wazee la Kata
Wenyeviti wa vijiji vyote vya kambi
Mbao za matangazo